Chumba cha Kusomea kwa Sauti

Johana Chepyegon alikuwa mkutubi wa chuo kimoja cha ualimu kilichojengwa mgongoni mwa kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Roret. Kwa miaka kumi na minne aliyokaa pale, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alivaa viatu vya soli ya raba, alifungua droo kwa mikono miwili ili zisilie, na mwanafunzi aliyenong'ona alionyeshwa tu kwa kidole kile kibao kilichopigiliwa misumari juu ya mlango: KIMYA. Walimu walimheshimu. Walisema huyu ni mtu wa busara, maneno yake ni machache lakini yana uzito. Kanisani walimchagua mara mbili awe mzee wa kanisa, na mara mbili akakataa, nao wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu.

Mkewe Rebeccah peke yake ndiye aliyejua kwamba haukuwa unyenyekevu. Mzee wa kanisa huwasomea watu Biblia, na Johana hakuwa tayari kusoma kwa sauti mbele ya mtu yeyote.

Jambo lenyewe lilikuwa la zamani. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili, mgeni aliyetoka pwani, alimsimamisha asome ukurasa mmoja kuhusu mtu aliyeanguka kutoka mtini. Johana alikuwa amelelewa katika nyumba ya Kikipsigis kitupu, na katika lugha hiyo b na p ni ndugu, d na t ni ndugu, g na k vivyo hivyo, wala sikio halioni haja ya kuwatenganisha. Kitabu kilisema damu ilimtoka puani. Johana akasoma kwa bidii yake yote, "Tamu ilimtoka puani." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia arudie. Akarudia, ikatoka tamu vilevile. Tangu siku hiyo mpaka alipomaliza kidato cha nne jina lake lilikuwa Arap Tamu, yaani mwana wa Tamu, na hata wasichana wa shule jirani walilijua. Alipopata kazi ya maktaba aliona kwamba Mungu amemhurumia, amempa mahali ambapo kunyamaza ndiyo kazi yenyewe.

Maktaba aliyoikuta ilikuwa darasa kuukuu lenye paa la mabati, bila dari. Katika nchi ile ya majani chai mvua haibishi hodi. Saa tisa alasiri huwa imefika, siku nyingine na mawe yake, na ikishuka juu ya mabati hata ukimpigia mwenzako kelele sikioni hasikii kitu. Kwa saa nzima hakuna kilichofanyika. Johana aliichukia saa hiyo. Alikaa nyuma ya meza yake akingoja ipite, akiwatazama wanafunzi wachache ambao hawakukimbilia mabwenini. Mmoja wao alikuwa msichana mrefu, mwembamba, ambaye kila siku alikaa katika kona ya magazeti ya zamani. Mvua ilipoanza kupiga, yeye alifungua kitabu na midomo yake ikaanza kucheza. Johana alidhani anasali.

Mwaka wa 1993 chuo kilipata habari njema. Marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo waliahidi kujenga maktaba mpya ya mawe. Walikuwa na sharti moja tu: wanafunzi waulizwe wanataka maktaba ya namna gani, na majibu yao yaandikwe katika ripoti kabla ramani haijachorwa. Mkuu wa chuo, Bwana Ratemo, Mkisii mwenye haraka aliyependa mambo yaishe, alimwita Johana ofisini.

"Hii kazi ni yako, Bwana Johana. Waulize, uandike, uniletee kabla ya mwisho wa mwezi."

"Hawa watasema nini, mwalimu mkuu? Ni watoto."

Ratemo akacheka. "Hata mimi najiuliza. Lakini anayenunua ng'ombe ndiye anachagua rangi. Waulize tu."

Johana akatwaa katoni tupu ya majani chai, akaikata mdomo juu, akaiweka kwenye mlango wa bwalo pamoja na rundo la karatasi. Na kwa kuwa hakupenda kufanya kazi nusunusu, aliitisha mkutano pia, ingawa alimwachia kiranja wa wanafunzi, kijana aliyeitwa Nicholas, aendeshe mazungumzo huku yeye akiandika. Wavulana walisimama mmoja baada ya mwingine, Kiingereza kikiwatoka kama maji. Walitaka magazeti ya siku hiyohiyo, si ya wiki iliyopita. Walitaka mahali pa kuacha mifuko. Walitaka viti visivyolia. Mmoja alitaka dari, kwa sababu, alisema, mvua inawaibia saa moja ya kusoma kila siku ya Mungu, na bwalo zima likapiga makofi. Neno hilo Johana alilipigia mstari mara mbili.

Yule msichana wa kona alikuwa amekaa nyuma kabisa. Aliinua mkono. Nicholas alipomwona na kumwonyesha kwa kidole, aliushusha.

Katoni ilitoa karatasi sitini na moja. Johana alizisomea nyumbani, mezani, Rebeccah akichagua maharagwe kando yake. Nyingi zilirudia yaliyosemwa mkutanoni. Halafu akafikia moja iliyoandikwa kwa herufi za mviringo, Kiswahili kimenyooka:

"Naomba chumba kidogo chenye kuta nene, mtu aweze kusoma kwa sauti bila kuchekwa. Tunajifunza kuwa walimu lakini hatuna mahali pa kuzoeza ndimi zetu. Mimi kwa sasa hungoja mvua."

Haikuwa na jina. Lakini mkutubi huijua miandiko kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Huu ulikuwa wa Chepngeno, msichana aliyetoka Mulot, yule wa kona ya magazeti. Ndipo Johana alipojua kwamba siku zote hizo hakuwa akisali.

"Mbona umenyamaza?" Rebeccah akauliza, kisha akajicheka mwenyewe. "Kwani wewe huongea lini? Lakini hii ni kunyamaza kwingine."

"Kuna mtoto anataka chumba cha kupigia kelele."

"Kelele gani?"

"Ya kusoma."

Rebeccah akaweka ungo chini. "Si umpe? Kama wewe ungekuwa na chumba kama hicho wakati ule..."

Hakumaliza, kwa maana Johana alikuwa amekwisha kusimama, akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Siku ya tatu Chepngeno mwenyewe alikuja mezani pa Johana. Ilikuwa asubuhi, maktaba tupu.

"Mwalimu, nilikuwa nauliza kama karatasi yangu ulisoma." Wanafunzi wote walimwita mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha hata kipindi kimoja.

"Karatasi hazina majina."

"Ile ya chumba kitoko."

Kitoko. Johana alihisi shingo yake ikipata moto. Neno lilitoka kinywani mwa msichana sawasawa na vile lingetoka kinywani mwake yeye, kama angelithubutu.

"Hapa ni mahali pa kimya," akasema polepole. Ndivyo alivyozoea kuongea na watu wa chuo, akipita kando ya kila neno ambalo lingeweza kumuumbua, mpaka hiyo ikawa tabia na watu wakaiita busara.

"Najua, mwalimu. Lakini mwaka ujao tunaenda kufundisha watoto, na mimi nikisoma, wenzangu wanacheka. Nikisoma peke yangu, naskia penye nimekosea, narudia, halafu inakuja. Pwenini hakuna nafasi. Ni mvua tu ndio inanisaidia."

"Nenda kule chini kwenye majani chai."

"Huko nilijaribu. Sauti inaenda tu, hairudi. Na watu wa kuchuna wanasimama kuniangalia."

Johana akajifanya anapanga kadi. Msichana akasogea karibu, akaacha Kiswahili, akaongea Kikipsigis kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mjomba wake.

"Wewe ni mtu wetu, mwalimu. Unajua vile huwa."

Baadaye, kwa miaka, Johana aliirudia dakika ile kichwani. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Hakukuwa na hatari. Neno moja tu lilitakiwa, tena katika lugha ambayo haikuwahi kumchekesha mtu. Lakini aliona mbele yake darasa zima likimgeukia, akaona kwamba msichana huyu amemtambua, na hofu ikamtangulia.

"Mimi sijui," akasema.

Chepngeno alimtazama kidogo. "Haya, mwalimu. Asante," akasema, akaenda.

Ripoti aliyompelekea Ratemo ilikuwa na maoni ya wanafunzi sitini. Karatasi ya sitini na moja aliikunja akaitia ndani ya kamusi kubwa, akafunga.

Ramani ilichorwa, mawe yakaja, kuta zikaanza kupanda. Siku moja fundi mkuu wa ujenzi, jina lake Sagini, alimfuata Johana na ramani mkononi, penseli sikioni.

"Bwana mkutubi, hapa nyuma kuna kachumba hakana jina. Kuta ni nzito, dirisha ni moja. Mwenye kuchora alibaki na nafasi, hakusema ni ka nini. Niweke mlango wa namna gani?"

Johana alikitazama kile kiboksi kwenye karatasi, kidogo, chenye kuta nene, kana kwamba msichana wa Mulot alikuwa amemwelekeza mchoraji mkono. Alikitazama mpaka Sagini akageuza uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Stoo," akasema.

"Ya kufuli basi," akasema Sagini, akaandika.

Maktaba ilifunguliwa Februari ya 1994. Kwaya iliimba, wageni wakakata utepe, na Bwana Ratemo akahutubu kwamba jumba hili limechorwa kwa midomo ya wanafunzi wenyewe. Wageni walimshika Johana mkono wakamshukuru kwa ripoti yake. Kila kilichoombwa kilikuwepo: sehemu ya mifuko, viti vya kimya, magazeti mapya, na juu, dari nyeupe safi. Wanafunzi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Katika kachumba ka nyuma viliingizwa viti vilivyovunjika vya maktaba ya zamani.

Ilikuwa kama siku ya tatu au ya nne. Mawingu yalitanda, saa tisa mvua ya mawe ikaanza. Lakini chini ya dari ile mpya ilisikika kama mvua ya nchi nyingine. Chepngeno alikuwa amepata kona yake upya, na mazoea yana nguvu: aliposikia mvua alifungua kitabu cha darasa la kwanza, akafungua na kinywa.

"Pipi alipepa pata mpaka sokoni," akasoma.

Bibi na bata wake walisikika chumba kizima. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Pipi!" na kicheko kikaruka meza hadi meza.

Johana alikuwa na kengele ndogo ya shaba mezani. Aliigonga. Waliokuwa wakicheka hawakupungua ishirini. Lakini kidole chake kilipoinuka kuonyesha kibao cha KIMYA, hakikuwaelekea wao. Kilimwelekea Chepngeno. Wakati mwingine alijaribu kujiambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe, kwamba msichana ndiye aliyeanza kusema kwa hiyo kanuni ilimhusu yeye kwanza. Hakuwahi kujisadiki.

Msichana alikusanya vitabu vyake, akarudisha kiti chini ya meza taratibu, akatoka katikati ya mvua ya mawe. Katika daftari la waazimaji jina lake halikuandikwa tena.

Mwezi wa tano wanafunzi walitawanywa katika shule za msingi kufanya mazoezi ya kufundisha. Chepngeno alipelekwa shule moja ndani ya shamba kubwa la majani chai, ambako watoto wa wachuna chai walitoka kila pembe, Wakisii, Waluo, Waluhya, kila mtoto na sikio lake. Wiki haikuisha kabla hawajampa jina. Mkaguzi alipokuja na kukaa nyuma ya darasa, watoto walikuwa wakimwitikia kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote, "Ndiyo, Mwalimu Pipi!"

Johana aliyasikia haya katika chumba cha walimu, saa nne, wakati wa chai. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyesimulia, na alikuwa msimuliaji mzuri, aliigiza sauti ya msichana na sauti za watoto. Walimu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Johana naye alitabasamu. Ndivyo alivyofanya miaka yote watu walipocheka ndimi za watu wa kwao: hutabasamu, hunywa chai yake.

"Na amefanyaje?" Bwana Ratemo akauliza.

"Alisimama hapo mpaka kengele ikalia. Halafu akafuta ubao, ukawa safi kabisa, akatoka. Nimemwandikia arudie muhula ujao."

Muhula ujao ulifika, Chepngeno hakufika. Nduguye alikuja kuchukua sanduku lake la bati. Jina likakatwa kwa wino mwekundu kwenye orodha, mambo yakaendelea.

Ilichukua muda, karibu mwaka mzima, kabla Johana hajaifungua ile kamusi. Mwanafunzi alikuwa ameulizia neno fulani, na karatasi ikaanguka sakafuni. Aliiokota akaenda nayo nyumbani. Jioni hiyo alimweleza Rebeccah yote, tangu katoni mpaka kengele ya shaba. Rebeccah alimsikiliza akiwa amesimama.

"Alikuambia unajua vile huwa?"

"Aliniambia."

"Na wewe ukamwambia hujui."

"Nikamwambia sijui."

Rebeccah alikuwa mwanamke asiyekosa la kusema. Kwenye kituo cha kupimia majani chai, wenzake walisema gari la kiwanda likichelewa heri Rebeccah awepo awapigie hadithi. Siku hiyo hakusema neno. Aliingia jikoni, na Johana akasikia masufuria yakipangwa ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Ratemo. Alimwonyesha karatasi, akakiri kwamba ripoti ilipungua maoni ya mwanafunzi mmoja, na kwamba stoo ile haikupaswa kuwa stoo. Alitarajia kufokewa. Kusema kweli alitaka kufokewa.

Ratemo aliisoma, akamrudishia. "Kwa hiyo unataka nini?"

"Nitoe viti, niweke meza."

"Si utoe. Nani amekukataza?"

Hivyo tu. Alasiri moja ilitosha. Johana na mtunza bustani walibeba viti vilivyovunjika hadi karakana, wakafagia, wakaingiza meza moja na viti viwili. Kabla jua halijatua chumba kilikuwa tayari, na Johana akaketi ndani yake peke yake, mlango umefungwa. Alasiri moja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kama kingemgharimu mwezi wa jasho, au ugomvi na mkuu, angekuwa na la kushikilia.

Wanafunzi walikigundua wenyewe. Wiki ya kwanza walikuja wawili, ya pili kumi, halafu ikabidi waandikishane zamu. Walikuja Wakipsigis wa Bomet na wa Belgut, lakini walikuja pia Wakisii waliosumbuliwa na maneno yao wenyewe, na msichana mmoja mwenye kigugumizi. Mmoja aliomba ubao mdogo wa kuandikia. Johana akamtafutia. Mwingine aliomba kioo, aone midomo yake inavyokaa akitamka b. Johana akanunua kioo mjini Litein, akakipigilia ukutani. Sasa alisikiliza kila alichoambiwa. Kila muhula aliweka katoni mlangoni, na hakuna karatasi iliyofichwa. Kuta zilikuwa nene kama zilivyoombwa, lakini mtu akikaa karibu aliweza kusikia mnong'ono wa sauti ndani, zikirudia, zikikosea, zikirudia tena, na mkutubi alihamisha meza yake hadi upande huo.

Mwaka wa 1997, mwezi wa pili, aliomba ruhusa ya siku moja akaenda Mulot. Ndani ya koti alikuwa na fomu ya kurudia mazoezi ya kufundisha, ambayo alikuwa amemwomba Bwana Ratemo aitie sahihi mapema.

Ilikuwa siku ya soko. Ng'ombe walikuwa wamejaa vumbi, malori ya kwenda Narok yameziba barabara. Hakuhitaji kuuliza sana. Alimsikia kabla hajamwona. Chepngeno alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala la nafaka, leso kiunoni, akibishana na dereva juu ya magunia ya mahindi, na sauti yake ilipita juu ya ng'ombe na injini. Alisema kunia, alisema tereva, alisema alivyosema, na dereva hakucheka. Alikuwa na shughuli ya kujitetea.

"Mwalimu?" Alijifuta mikono kwenye leso. "Chamgei."

"Chamgei, Chepngeno."

Alimketisha juu ya gunia la ngano, akaagiza chai na mandazi kutoka hoteli ya jirani. Alikuwa amenenepa kidogo, na mimba yake ilikuwa ya miezi sita hivi. Mtoto wa miaka miwili alicheza na kipande cha kamba miguuni pake. Johana alikunywa chai mpaka nusu kabla ya kupata pa kuanzia. Waliongea Kikipsigis.

"Nimekuja kwa sababu ya kile chumba."

"Kilijengwa?"

"Kilikuwepo tangu mwanzo. Fundi aliniuliza ni cha nini, nikamwambia stoo."

Johana akatoa fomu, akaifungua juu ya goti. Akaeleza kwamba nafasi yake bado iko, kwamba mkuu amekubali, kwamba ni muhula mmoja tu, na chumba sasa kina kioo na ubao. Alieleza kwa maneno mengi kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote pale chuoni.

"Mwalimu," akasema Chepngeno kwa upole, "niko na huyu, na mwingine anakuja. Mama alipooza mwaka juzi, mimi ndiye namgeuza kitandani. Bwana yangu yuko na ng'ombe huko Narok. Muhula mmoja nitautoa wapi?"

"Nilidhani..."

"Najua. Asante kwa kuja mbali." Alimwinua mtoto, akampangusa pua. Kisha akasema, "Nikuulize kitu kimoja. Ile asubuhi nilikuambia unajua vile huwa, ukasema hujui. Ulikuwa unajua?"

Lori lilipita. Johana alingoja kelele ziishe.

"Nilikuwa najua. Shuleni waliniita Arap Tamu."

"Tamu?"

"Kitabu kilisema damu."

Chepngeno alianza kucheka. Alicheka kweli, kichwa nyuma, mkono tumboni, na Johana akaona kwamba kicheko hicho hakikumuumiza, akacheka naye. Kisha kicheko cha Chepngeno kikaisha. Alitazama nje, kwenye vumbi.

"Ungeniambia tu hiyo," akasema. "Hiyo tu, siku ile. Hata chumba nisingetaka."

Chepngeno alichukua fomu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa sweta yake, labda kwa heshima tu. Dereva alikuwa akimwita. Aliagana naye kwa mikono miwili, akamwambia awasalimie watu wa nyumbani, akarudi kwenye magunia yake.

Fomu ilipaswa kurudishwa kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu. Kila Ijumaa Johana alikwenda mwenyewe posta kuchukua barua za chuo, kazi ambayo haikuwa yake. Aprili ikaingia. Mwaka uliofuata serikali ilisimamisha kuajiri walimu wapya, na mwalimu mmoja aliyekijua kisa hicho akamwambia, kwa nia njema, kwamba hata msichana yule angemaliza, sasa angekuwa amekaa tu nyumbani na cheti chake. Johana alimshukuru. Maneno hayo hayakumpunguzia kitu.

Mwaka wa 1999 wale marafiki wa ng'ambo walirudi kuona kazi ya mikono yao. Bwana Ratemo aliwatembeza, na kati ya vyote kilichowavutia ni kile kichumba cha nyuma. Mama mmoja mgeni, mwenye daftari, alimwita Johana kando.

"Hili ni wazo zuri sana. Ulilipataje?"

"Si langu. Ni la mwanafunzi mmoja, Chepngeno."

Mama akaandika. "Alihitimu mwaka gani? Ningependa kumwandikia barua."

"Hakuhitimu."

Kalamu ikasimama. "Sasa yuko shule gani?"

"Hayuko shuleni. Anauza nafaka Mulot." Akajaribu kueleza, lakini Kiingereza chake nacho kilikuwa cha kukwepakwepa, na Ratemo alikuwa akiwaita wageni kwenye chakula.

Miezi mingi baadaye kilifika kijarida chao. Ukurasa wa nne ulikuwa na picha ya Johana amesimama mlangoni mwa kichumba, na chini yake imeandikwa kwamba huyu ndiye mkutubi aliyewasikiliza wanafunzi wake. Jina la Chepngeno halikuwemo. Johana aliandika barua ya kusahihisha, kurasa mbili, akaipeleka posta. Hakupata jibu.

Bwana Ratemo alikuwa amefurahi mno. Alikata ukurasa ule akaubandika kwenye ubao wa matangazo, mbele ya mlango wa maktaba. Ijumaa, wanafunzi walipokwenda bwaloni, Johana aliubandua. Jumatatu alikuta mwingine umebandikwa.